Bakuli la Tata na Mayai ya Cucu

Leo asubuhi nyumba yangu ilinuka yai bovu, na jirani wa mlango wa pili akabisha kuuliza kama gesi yangu inavuja. Nikamwambia hapana, ni bakuli nasafisha. Akachungulia juu ya bega langu, akaona sufuria ikitoa mvuke, akaona vile natabasamu peke yangu, akarudi kwake polepole. Sijui alienda kuwaambia nini wengine. Hapa kwetu, karibu na Eneo la Viwanda, pua zetu zimezoea mengi. Kuna saa upepo unaleta harufu ya matunda yanayochemshwa, kuna saa unaleta ya mafuta na nyuzi zilizotiwa rangi. Lakini ya yai bovu kwenye nyumba ya msichana anayeishi peke yake, hiyo lazima watu waulizie.

Wengine hukumbushwa utoto na harufu ya mandazi, au mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Mimi Mungu alinigawia yai bovu. Nikilinusa tu narudi kuwa mtoto wa kipaimara, nimesimama kando ya jiko katika chumba chetu cha kupanga, nimeshika pindo la rinda langu, na moyo unapiga kama mtu aliyekuja kudai. Na kwa sababu kesho naenda kumwona Akinyi, rafiki yangu wa tangu utotoni ambaye tulikosana mwaka jana na hatujasemezana tena, afadhali nikusimulie habari ya bakuli hili leo, kabla halijatoka mkononi mwangu.

Lilikuwa bakuli la shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, ambaye kwa Kikuyu tunamwita Tata. Kabla hajaolewa, Tata alikuwa mpishi kwenye nyumba ya meneja wa shamba la kahawa upande wa Ruiru, na siku ya harusi yake mke wa meneja akampa bakuli hilo. Ni la mviringo mrefu, lina miguu mifupi, na kifuniko chake kina kishikio kama ua ambalo bado halijachanua. Ukiligonga kwa ukucha linalia, na mlio unakaa kidogo hewani kabla haujapotea. Katika ukoo wetu lilitoka kabatini siku kubwa peke yake: mtoto akizaliwa, wageni wa mahari wakija. Sisi watoto tuliamini ni fedha tupu kuanzia ndani mpaka nje. Kumbe ni shaba iliyopakwa fedha, utandu mwembamba kama ule unaokaa juu ya maziwa yakipoa. Hilo tulilijua siku ninayotaka kukusimulia, na tulilijua vibaya.

Nikwambie kwanza kuhusu Tata na mimi. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo mimi niliitwa Nyambura kama Cucu, nyanya yangu wa Gatuanyaga. Na kwa sababu nimebeba jina la mama yake, Tata aliniita Maitu, yaani mama yangu. Mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuamrisha watu, ananisukia nywele kwenye ngazi za nyumba yake na kuniuliza, "Maitu, nimekuumiza?" Mimi nilijiona malkia. Nilimjibu kwa ukali kama mama wa kweli, naye alicheka mpaka kitana kikaanguka.

Halafu Baba akaugua, akafa. Siku ya kuandaa mazishi, watu wakila, Tata alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kama mgonjwa angetolewa mapema kwenye kile chumba cha Thika na kupelekwa hospitali, angekuwa hai. Mama alikuwa anapakua chakula. Aliendelea kupakua, mwiko ukigonga sufuria, mpaka kila mtu akapata. Tangu siku hiyo hakukanyaga Ruiru, na Tata hakukanyaga kwetu. Hakuna aliyenieleza. Mimi niliona tu kwamba nywele zangu zilianza kusukwa na Mama, aliyekuwa akichoka akitoka kiwandani, na mistari ilienda upande.

Basi siku ya kipaimara changu, tukiwa tumejaa chumbani na wengine wamekaa nje kwenye viti vya kuazima, Tata akatokea mlangoni. Cucu ndiye aliyemwalika bila kuuliza mtu. Alikuwa amebeba lile bakuli limefungwa kwenye leso, limejaa mukimo wa moto, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Tata aliweka bakuli mezani, akanipa mkono kama anavyopewa mgeni, akasema, "Hongera, Nyambura." Hakusema Maitu. Alimpa Mama mkono pia, wakaangaliana mabegani, si machoni. Hakukaa hata kunywa chai. Tulipomaliza kuosha vyombo jioni tukagundua kwamba ameenda bila bakuli lake.

"Amelisahau," Mama akasema, na alilisema kama mtu anayesoma habari mbaya.

Akalisafisha, akalikausha, akaliweka juu ya kabati na kulifunika kitambaa. Wiki yote tulipita karibu nalo kama unavyopita karibu na mbwa wa wenyewe. Jiko letu la makaa lilikuwa hapo chini, moshi ukipanda kila jioni, lakini nani angefikiria moshi? Mama alikuwa anafikiria Ruiru. Nilimwona mara nyingi akiangalia juu ya kabati huku mikono yake ikiwa imesimama kwenye kazi nyingine.

Jumamosi Cucu akaja kutoka Gatuanyaga kwa bodaboda, vumbi limekaa hadi kwenye kope, kiondo mapajani kama mtoto. Alikuwa amebeba mayai ya kuku wake, yamefungwa katika majani ya migomba na magazeti. Akasema kesho jumuiya inasali nyumbani kwa Tata, na sisi watatu tutaenda, na bakuli litarudi kwa mwenyewe. Mama akasema labda Cucu alipeleke yeye. Cucu akamwambia hapana, aliyeachiwa chombo ndiye anayekirudisha, na hakirudi kitupu. Hiyo kwetu ni sheria hata kama haijaandikwa popote. Jirani akikupa maharagwe kwa bakuli, bakuli linarudi na viazi, au sukari, au hata majani ya chai kiganja kimoja. Cucu alipenda kusema kwamba chombo kitupu hurudi na mdomo wazi, na mdomo wazi hauna jema la kusema. Kurudisha kitu kitupu ni kusema: tumemalizana, usinipe tena.

Ndiyo sababu ya mayai. Mabichi yangevunjika njiani, kwa hivyo Mama akayachemsha jioni ile. Kadhaa yalipasuka majini. Akayapanga yangali na moto ndani ya bakuli, akafunika, akafunga leso kwa fundo zuri juu. Nikalala nikiwa na furaha. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani: Tata atafungua, atasema ala, mayai ya kienyeji, ataniita kwa jina langu la kweli, na mimi nitamkaripia kwa kupotea.

Asubuhi Mama alifungua fundo ili aweke chumvi kidogo kwenye karatasi, maana yai bila chumvi ni nusu zawadi. Akainua kifuniko. Hakupiga kelele. Aliinua tu, akakaa hivyo, mkono juu.

Nikasogea. Ndani ya bakuli kulikuwa kumegeuka kweusi. Na si weusi wa aina moja. Mahali kila yai lililopasuka lilipolala palikuwa na duara la manjano, kisha la zambarau, kisha jeusi kama masizi, mfano wa jicho lililopigwa ngumi. Kifuniko kilikuwa cheusi chote kwa ndani. Hata nje, ukiangalia vizuri kwenye mwanga wa dirisha, kulikuwa na wingu la rangi ya kahawa ambalo tulikuwa hatujaliona wiki nzima.

Cucu akaja, akaangalia, akatoa ile sauti ya kooni ambayo wanawake wa kwetu hutoa badala ya maneno.

Mama alikaa kwenye kigoda. Aliongea polepole, akiangalia bakuli. "Atasema hata hili nimeliua."

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua wa kwanza alikuwa nani.

Akatoa mayai moja moja akayaweka kwenye sahani. Kisha akasimama na kufanya kile ambacho mwanamke yeyote wa mtaa wetu angefanya. Unajua vile mama zetu wanavyosugua sufuria? Sufuria ya mwanamke ilikuwa ni cheti chake. Ilisuguliwa nje na ndani kwa majivu na waya, ikaanikwa kwenye uchaga mbele ya watu, na ikiwa huwezi kujiona meno kwa nyuma yake, basi bado ni chafu. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote katika ploti yetu. Akachukua waya, akauchovya kwenye majivu, akapindua bakuli. Hakuwa mjinga, alianzia chini, katikati ya miguu, pasipoonekana. Akasugua kwa nguvu zake zote, bega likienda na kurudi.

Lile wingu la kahawa likatoka. Chini yake ikatokea rangi nyeupe, nikafurahi. Halafu nyeupe nayo ikatoka.

Palibaki doa la manjano, ukubwa wa kifuniko cha soda, rangi ya bomba la zamani. Mama akalisugua zaidi akidhani ni uchafu mwingine, na doa likakua.

"Mama Nyambura," Cucu akasema. "Wacha."

Hakuwacha mara moja. Cucu akamshika mkono, ule wenye waya, akaufungua vidole. Tukaangalia lile doa sote watatu. Nikaelewa, na nadhani Mama alielewa wakati huo huo, kwamba bakuli tuliloliogopa miaka yote lilikuwa na ngozi tu ya fedha, na kwamba ngozi hiyo ikitoka hairudi. Ndani palikuwa bado ni peusi kote. Tungesugua ndani tungemletea Tata bakuli la shaba. Tusiposugua, tungemletea bakuli lililoungua. Na jumuiya nzima ingekuwa imekaa pale, wanawake wenye macho.

Nje kengele ya kanisa ililia. Mama alisema tusiende basi. Aseme anavyotaka, alishazoea. Akaanza kuondoa majivu mezani kwa kiganja, na nilijua kwamba tusipoenda leo hatutaenda tena, kwa sababu watu wazima wakiahirisha jambo kama hilo mara moja huwa wameliahirisha mpaka mazishi mengine.

Cucu hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amenusa bakuli, akavuta pua. Akasema uchafu wa yai ni uchafu wa kushika, hautoki kwa vita, unatoka kwa kulowekwa. Kwake Gatuanyaga, kitu kikishindikana hulowekwa kwa magadi, yale mawe meupe ya chumvi ambayo hulainisha hata maharagwe yaliyosahauliwa tangu mavuno ya nyuma. Hakuwa na hakika, usidhani. Alisema tu tukishindwa, tumeshindwa tukiwa safi.

Magadi hatukuwa nayo. Nikatumwa kwa jirani, Mama Akinyi, aliyekuwa ametoka Siaya na hakosi magadi kwa ajili ya mboga zake. Alinipa kiganja kizima kwenye kikombe akicheka, akiuliza leo kwa Mama Nyambura kunapikwa mrenda, au Wakikuyu wamekubali mwishowe kula mboga. Akinyi alikuwa nyuma yake, anataka kuja kuona. Akanifuata mpaka kwetu, nikamfungia mlango usoni. Ni mara ya kwanza kumfungia mlango yule msichana, na ninamkumbuka alivyosimama, mdomo wazi kama hilo bakuli.

Chombo kikubwa cha kutosha kilikuwa kimoja: sufuria kubwa ya Mama, aliyonunuliwa na Baba nilipozaliwa, ya kumpikia uji wa mzazi. Ilikuwa iking'aa kuliko zote kwenye uchaga. Mama akaiangalia kidogo, kisha akaishusha. Maji yakachemka, Cucu akamwaga magadi, yakatoa povu. Mama akaliteremsha bakuli ndani kwa mikono miwili, kama mtoto anavyoteremshwa kwenye karai.

Na maji yakaanza kuunguruma. Vipovu vidogo vikapanda pale bakuli lilipogusana na sufuria, na harufu ikatoka, nayo ilikuwa harufu ya yai lililosahauliwa chini ya kuku hadi Krismasi. Mama akarudi nyuma, mkono puani. Akasema linaoza, Cucu, tumelimaliza, nilitoe. Cucu akamzuia kwa kiwiko. Alikuwa anaomba, nafikiri. Midomo ilikuwa inatembea.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu nilikuwa mfupi na macho yangu yalikuwa karibu na maji. Kwenye ubavu wa bakuli, pale maji yalipoishia, palikuwa pametokea mstari. Juu yake kahawia. Chini yake nyeupe, nyeupe tulivu, kama mwezi wa mchana. Nikamvuta Mama sketi. Akainama, tukawa vichwa vitatu juu ya ile harufu mbaya, hakuna anayepumua. Ndani, yale macho yaliyopigwa ngumi yalikuwa yanafifia, zambarau ikawa manjano, manjano ikawa maziwa. Mama akaligeuza kwa mwiko. Akaligeuza tena. Hakuna aliyesugua chochote.

Alipolitoa alilisuuza, akalipangusa kwa kipande cha fulana ya zamani ya Baba, kwa sababu ndicho kitambaa laini kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Alipangusa pole pole, akizungusha. Niliuona uso wake ndani ya bakuli, umepinda, na ulikuwa uso ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Kisha nikaangalia kwenye sufuria. Ilikuwa imefifia ndani yote, kijivu, mahali pengine karibu nyeusi, kana kwamba imekaa ikivuta ule uchafu kwake. Mama aliiona pia. Akamwaga maji, akaipindua kwenye uchaga.

Doa la manjano lilibaki pale chini. Hilo magadi hayakuliweza.

Sasa tulikuwa tumechelewa. Zikaanza mbio za viatu, vitambaa vya kichwa, mafuta ya miguu yangu. Bakuli likafungwa kwenye leso, nikapewa nilipakate. Njia yote mpaka Ruiru, ndani ya matatu, Mama aliangalia nje. Kila tulipotikisika, nilihisi lile doa likinichoma mapajani kama kaa la moto, na nilimwomba Mungu Tata asiwe mtu wa kupindua vitu.

Tulipofika sala ilikuwa imeisha na wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, vikombe vya chai mikononi. Walimsalimu Cucu kwa heshima na Mama kwa udadisi. Tata alitoka jikoni, anajipangusa mikono. Nikasimama nikampa bakuli.

Alilipokea, na mikono yake ikapanda juu kidogo, vile inavyopanda mtu anapoinua ndoo akidhani imejaa.

Hapo ndipo nilipokumbuka mayai.

Yalikuwa mezani Thika, kwenye sahani. Cucu alikuwa amedhani nimeyabeba mimi. Mama alikuwa amedhani yako kwenye kiondo cha Cucu. Mimi sikuwa nimedhani chochote. Tulikuwa tumepigania chombo asubuhi nzima mpaka tukasahau sababu ya chombo, na Cucu mwenyewe, mlinzi wa sheria, alikuwa amesimama pale na kiondo kitupu begani.

Tata alifungua leso. Akainua kifuniko mbele ya watu wote. Bakuli lilikuwa linang'aa mpaka dari likaonekana ndani yake, na halikuwa na kitu. Kikombe kimoja kikagonga kisahani chake. Mwanamke mmoja akaangalia sakafu, kwa adabu. Kila mtu mle ndani alikuwa amelelewa na mama wa aina ya Cucu, na kila mtu alijua ni nini kimesemwa.

Uso wa Tata sikuusahau. Nilikuwa nikitazamia hasira. Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyenyoosha mkono asalimie na mkono ukabaki hewani.

Cucu akafungua mdomo, nadhani atunge la kutunga. Mama akamtangulia.

"Mama Kamau," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita Tata, kwa jina la kifungua mimba wake. "Mayai yako yako mezani kwangu. Niliyaweka humu jana, yakalichafua bakuli likawa jeusi. Asubuhi yote tumekuwa tukilisafisha, tukasahau mayai." Kisha, bila kulazimishwa na mtu, akanyoosha mkono, akalipindua bakuli mikononi mwa Tata. "Na hapa nilisugua na waya. Fedha imetoka. Hairudi."

Tata akaweka kidole gumba juu ya lile doa. Akakizungusha.

"Sasa si ungekuja nalo hivyo hivyo, jeusi, na mayai ndani?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe," Mama akasema.

Tata akageuka na bakuli, akaingia jikoni, mlango ukarudi nyuma yake. Tukasikia kabati. Tukasikia sufuria ikifunuliwa, kisha kitu kinaanguka, kisha hakuna. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuweka bakuli mahali pake. Mama alikuwa bado amesimama. Mwanamke mmoja wa jumuiya akamsogezea kiti, hakukaa. Mimi nilikuwa nahesabu maua ya zulia ili nisilie, na maua yalikuwa yanachanganyikana.

Tata alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na bakuli lilikuwa limefungwa tena kwenye leso, mvuke ukitoka pembeni. Nduma, yaani magimbi, nilijua kwa harufu. Akampita Cucu, akampita Mama, akanijia mimi.

"Shika, Maitu," akasema. "Kwa mikono miwili, ni moto."

Nikashika. Kisha akamgeukia Mama, na sauti ilikuwa ile yake ya kuamrisha watu. "Nani alikwambia nataka bakuli? Mimi nataka mayai yangu. Utaniletea Jumapili." Akakaa. "Na hapo chini ndipo linapokalia meza. Nani atapaona?"

Mama akakaa pia. Mtu akamwekea chai. Hakuinywa mpaka ikapoa, lakini alikuwa ameishika.

Jioni tulipotoka Tata alitusindikiza mpaka barabarani, wao wawili mbele, hawasemi mengi. Sikuwahi kusikia mmoja akimwomba mwingine msamaha, wakati huo wala baadaye. Tulipofika nyumbani tukakuta mayai yametusubiri kwenye sahani, na ndipo tulipokumbuka kwamba Mama na Cucu hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Tuliyala yote kwa chumvi na nduma, na Akinyi nikamfungulia mlango akala mawili. Jumapili iliyofuata Mama alipeleka mayai mengine, ndani ya kiondo, mbali kabisa na bakuli.

Tangu hapo bakuli likawa halina kwao. Lilienda Ruiru na viazi vitamu, likarudi Thika na ndizi, likaenda na sukari, likarudi na maparachichi. Tulijifunza kulitunza: maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kitambaa cha pamba, likauke kabisa kabla ya kuwekwa kabatini, mbali na jiko. Likianza kuvaa wingu, sufuria ya Mama na magadi. Siku hizi nimeona kwenye simu watu wa mbali wakieleza kwamba weusi ule hauyeyuki majini, unaachia fedha kwa sababu ya ile sufuria ya alumini. Nikacheka. Mama hakuisugua tena kwa ndani. Nje aliing'arisha kama zamani, ndani akaiacha kijivu, na mtu akimuuliza alisema sufuria ile ilishafanya kazi yake.

Lakini kitu kilichonichukua miaka mingi kuelewa si hicho. Unamjua Tata sasa. Ni mtu wa kurudi kutoka langoni kwa sababu anakumbuka taa ya choo. Anakumbuka kuku gani alianza kutaga lini. Bado ni hivyo, na sasa ni mzee. Siku moja nikiwa kazini, napanga makopo kwenye katoni na mawazo yangu yametembea kama kawaida yake, nikasimama ghafla hata msichana wa nyuma yangu akanigonga. Mwanamke kama huyo hawezi kusahau bakuli la fedha kwenye nyumba ya mtu asiyesemezana naye.

Alikuwa ameliacha. Hakuwa na maneno ya kumwambia Mama njoo. Alikuwa na bakuli, na alijua kwamba Cucu hatakubali lisirudi. Na sisi tulikaa wiki nzima tukiliogopa kama kesi. Ndiyo maana uso wake ulikuwa vile alipolifungua akalikuta tupu.

Nilipohamia chumba changu mwenyewe alikuja kuniona, akala, akaniombea, akaenda. Bakuli likabaki mezani. Sikumpigia simu kumwambia amelisahau.

Sasa limekauka, liko hapa mbele yangu, limeshika dirisha lote ndani yake. Akinyi amejifungua mtoto wa kike, nimesikia kwa watu. Kwetu mzazi hupikiwa njahi, maharagwe yetu meusi, nayo yako motoni ninapoandika haya. Mama yake ataonja aseme yamekosa magadi. Sijui kama Akinyi atanifungulia mlango au atanilipizia ule wa zamani. Akinifungulia, nitambeba mtoto, nitakunywa chai nikipewa, na sitakaa sana. Nitaaga vizuri, nifike mpaka nje.

Bakuli nitalisahau.